Vitamini, panya wa maabara na mtoto mwenye kifafa

Baada ya swala ya Ijumaa, mama mmoja kutoka Makambako alinisubiri nje ya ofisi ya msikiti wetu mjini Njombe, karatasi mkononi. Alipewa na muuza vitamini, nayo ilidai kuwa utafiti umethibitisha kwamba vitamini hukomesha kifafa.

"Ustadhi," akasema, "mwanangu nimemwachisha fenobabitoni tangu juzi. Nisomee, uniambie kama nimefanya sawa."

Niliisoma. Utafiti uliotajwa ulifanyiwa panya. Nikamsihi ampeleke mtoto hospitali siku ileile, kwani dawa ya kifafa ikikatishwa ghafla, maradhi huweza kurudi kwa mfululizo usiokatika, na hali hiyo huua. Alikwenda. Alhamdulillahi, mtoto alirudishiwa dawa kabla hajaanguka. Hata hivyo, swali lake ni la wazazi wengi, nasi tunawiwa jibu.

Utafiti wa namna hiyo upo kweli. Katika maabara, panya husababishiwa kifafa kwa umeme au kemikali, kisha hupewa dawa, vitamini, au vyote viwili, ili ipimwe nguvu ya kinga. Mwaka 2007 watafiti wa Poland walichapisha matokeo yaliyoonesha kuwa vitamini D3 iliongeza nguvu ya dawa za kifafa zilizozoeleka kwa panya walioshtuliwa kwa umeme. Hapo ndipo palipo kiini cha jambo: vitamini ilipewa pamoja na dawa, wala si badala yake. Karatasi ile ililibadili neno moja, na neno hilo nusura ligharimu uhai.

Hatuudharau utafiti wa wanyama. Fenitoini, dawa inayotumika hadi leo, ilijaribiwa kwanza kwa paka na Merritt na Putnam, nchini Marekani, kisha wakaijaribu kwa wagonjwa na kutangaza matokeo yake mwaka 1938. Ila panya huyo alikuwa mzima hadi aliposhtuliwa. Mtoto wetu huenda aliumia ubongo wakati wa kuzaliwa, au aliugua malaria kali, au ana viluwiluwi vya tegu wa nguruwe kichwani. Hili la mwisho huweza kuipata hata familia isiyogusa nyama hiyo, kwa kula mboga au kunywa maji yaliyochafuliwa na kinyesi cha mtu mwenye tegu.

Je, vitamini hazina nafasi? Zinayo, tena kubwa. Wapo watoto wachanga, wachache sana, ambao kifafa chao hutulia kwa vitamini B6 pekee. Fenobabitoni na fenitoini zikitumiwa miaka mingi huweza kupunguza vitamini D mwilini na kudhoofisha mifupa. Mwanamke anayetumia dawa za kifafa hushauriwa kupata asidi ya foliki kabla ya kushika mimba. Lakini asidi hiyohiyo, au B6, ikizidi kipimo, huweza kupunguza fenitoini katika damu na kukirudisha kifafa. Ndiyo maana vidonge vyote, hata vya dukani, vifungwe katika mfuko mmoja na kuoneshwa tabibu.

Tuliosoma hadithi tunamkumbuka yule mwanamke mweusi aliyemwendea Mtume (SAW) akilalamikia kifafa. Alihiarishwa baina ya kusubiri apate Pepo na kuombewa apone. Alichagua subira, ila akaomba asifunuke mwili anapoanguka, naye akaombewa. Ibn Abbas (RA) alimtaja kuwa ni katika watu wa Peponi. Basi ni nani miongoni mwetu anayemficha mwanawe kwa aibu? Na asiitumie hadithi hiyo kuacha tiba, kwani Mtume (SAW) ndiye aliyetuamrisha kujitibu.

Ramadhani nayo isiwe sababu ya kuruka dozi. Mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga, na tabibu aulizwe kabla ya mwezi kuandama. Na katika baridi hii ya Njombe, mwenye kifafa asiachwe peke yake kando ya moto. Akianguka, alazwe ubavu, asitiwe kitu mdomoni.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, na atujaalie kuuliza kabla ya kuacha. Amin.