Shylock Mbele ya Wanetu: Ushahidi u Wapi?

Wengi wa vijana wetu hapa Uingereza hutahiniwa juu ya tamthilia moja ya Shakespeare, na miongoni mwa zile ambazo shule huchagua ni The Merchant of Venice. Wazazi waliosoma Afrika Mashariki wanaijua kwa jina la Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Julius Nyerere iliyotoka mwaka 1969. Mwezi huu tumeona tumzungumzie Shylock, mkopesha fedha wa tamthilia hiyo, kwani ndiye anayewaponza wanafunzi wengi.

Kijana huandika: Shylock ni mwovu, mpenda fedha. Karatasi hurudi na swali pembeni: ushahidi u wapi? Swali hilo si la kumkomoa mtoto. Mhusika hupimwa kwa aliyotenda, aliyosema, na waliyosema wengine juu yake. Wala hayo matatu hayana uzito mmoja.

Chukueni kile kilio mashuhuri, Shylock akipita njiani akichanganya binti yake aliyetoroka na dukati zake zilizoibwa. Takriban kila mwanafunzi hukitegemea. Lakini ni nani anayekisimulia? Ni Solanio, rafiki wa Antonio, tena kwa dhihaka. Sisi hatukumsikia Shylock mwenyewe. Mahakamani huo huitwa ushahidi wa kuambiwa.

Tunayoyasikia kwa masikio yetu yamo katika Tendo la Tatu, onyesho la kwanza, na yana pande mbili. Shylock anatamani binti yake awe maiti miguuni pake, vito vikiwa masikioni. Hayo ni maneno mazito, na kijana asiyafiche ati kwa sababu anamhurumia mzee. Punde Tubal anamletea habari kwamba Jessica ametoa pete ili apate tumbili. Pete ile Shylock alipewa na Leah kabla hajaoa, na anasema asingeitoa hata kwa pori zima la tumbili. Hapo hatajii bei. Anamtaja Leah.

Kisha njooni kwenye kesi. Deni ni dukati 3,000. Bassanio anaweka mezani 6,000. Shylock anakataa, anataka ratili yake ya nyama. Mpenda fedha angezipokea. Basi anataka nini? Rudini Tendo la Kwanza: Antonio amekwisha kumtemea mate na kumwita mbwa, na hata siku anayokuja kukopa anasema yu tayari kurudia. Hoja ya kijana sasa yabadilika kutoka uchu wa fedha kuwa kisasi chenye mzizi. Kisasi hata hivyo. Kisu kilinolewa mbele ya mahakama.

Wengine huleta jina la tafsiri kuwa ushahidi. Kwa Kiingereza mfanyabiashara wa jina lile ni mmoja, naye ni Antonio. Mwalimu, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, aliwafanya wengi na kuwaita mabepari. Ni usomaji wa heshima, nasi twaupenda, ila unatuonyesha mawazo ya mfasiri kuliko ya Shakespeare.

Upo ushahidi ambao huenda watoto wetu wakauona upesi kuliko wenzao darasani. Portia, aliyejigeuza mwanasheria, anatoa sheria ya mgeni anayetafuta kumuua raia: mali yake hutwaliwa. Shylock ana nyumba Venice, ana biashara, amelea binti pale. Sheria ilipofika shingoni akawa mgeni. Baada ya mali, Antonio anadai na dini yake.

Wazazi, wafungulieni ukurasa huo, kisha muwaambie wamtafute Shylock katika Tendo la Tano. Hayumo. Kuna mbalamwezi, muziki na mzaha wa pete. Naye anatajwa kama Myahudi tajiri tu, pale Lorenzo na Jessica wanapokabidhiwa hati ya kurithi mali yake.