Lodi Salisbury na Mpaka wa Hulugho

Mwanafunzi wa Kiswahili anayeandika tasnifu kuhusu fasihi na ukoloni aghalabu huanza kwa sentensi moja isiyobadilika: kwamba mipaka ya Afrika ilichorwa Berlin mwaka 1884 na 1885. Mwandishi wa makala haya naye aliiandika katika insha zake za shahada ya kwanza, na hakuna aliyemsahihisha. Ilhali yeye ni mzaliwa wa Hulugho, kusini mashariki mwa Garissa, ambako mpaka wa Kenya na Somalia si istilahi ya vitabuni bali ni jambo la malisho, visima na wakwe. Mpaka huo haukuchorwa Berlin. Anayestahili kutajwa kwanza katika kisa chake ni kabaila mmoja wa Kiingereza, Robert Gascoyne-Cecil, Lodi Salisbury wa tatu. Na wajumbe walipokuwa wakikutana Berlin, yeye hata serikalini hakuwamo.

Katika uhakiki wetu kabaila huwa mhusika bapa: mnene, mchoyo, mwenye kumiliki. Maisha ya Salisbury yanatulazimu tuwe na subira zaidi. Alizaliwa tarehe 3 Februari 1830 katika jumba la Hatfield, kaskazini mwa London, katika ukoo uliotumikia enzi ya Uingereza tangu siku za Malkia Elizabeth wa Kwanza. Huko Eton wanafunzi wenzake walimwonea hata babake akamwondoa shuleni akiwa na umri wa miaka 15. Oxford nako alitoka na afya dhaifu, akapelekwa safari ndefu ya baharini kati ya 1851 na 1853, akapitia Rasi ya Afrika Kusini, Australia na New Zealand. Mwaka wa kurejea kwake akaingia bungeni.

Mnamo 1857 alimwoa Georgina Alderson, binti wa jaji, kinyume cha matakwa ya babake. Kwa kuwa hakuwa mrithi, na fedha zilikuwa haba, alilisha familia yake kwa kuandika makala na tahakiki za vitabu magazetini. (Wasomaji wa jarida hili wanaoandika bila malipo watamwonea kijicho.) Kakake alipofariki 1865, na baba 1868, ndipo urithi wote ulipomwangukia, pamoja na kiti katika Baraza la Malodi.

Kisiasa alikuwa mhafidhina wa kweli. Mwaka 1867 alijiuzulu uwaziri wa masuala ya India kwa sababu serikali ya chama chake mwenyewe ilikubali kuwapanulia raia haki ya kupiga kura. Alirejea katika wizara hiyo 1874, na 1878 akawa Waziri wa Mambo ya Nje. Mwaka huo alikwenda Berlin pamoja na Disraeli, lakini katika mkutano tofauti kabisa, uliohusu milki ya Waturuki. Yamkini kufanana kwa majina ya mikutano hiyo kumezidisha mkanganyiko. Alikuwa Waziri Mkuu mara tatu: 1885 hadi 1886, 1886 hadi 1892, na 1895 hadi 1902. Kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo aliishika mwenyewe wizara ya mambo ya nje.

Mbinu yake ilikuwa kuepuka vita na mataifa makubwa ya Ulaya kwa kuwapa kitu. Bahati mbaya, kilichotolewa aghalabu hakikuwa chake. Mnamo 1886, chini ya serikali yake, Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kwamba milki ya Sultani Barghash barani ni ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10 tu, kuanzia kusini hadi Kipini, pamoja na miji ya kaskazini kama Kismayu, Barawa na Mogadishu. Nyuma ya ukanda huo wakagawana bara. Walioupokea mgao huo kwa damu ni watu wa Mrima, na Hemedi bin Abdallah el-Buhriy ameziacha habari za vita vyao katika utenzi unaofundishwa katika idara zetu. Karatasi iliyotangulia vita hivyo haifundishwi.

Tarehe 1 Julai 1890 ukaja mkataba mwingine. Ujerumani iliachia Witu na madai yake katika pwani ya juu, ikakubali Zanzibar iwe chini ya himaya ya Uingereza. Nayo ikapewa Helgoland, kisiwa kidogo cha Bahari ya Kaskazini. Hofu kubwa ya Salisbury ilikuwa mto Nile: Uingereza ilikuwa imeikalia Misri tangu 1882, naye hakutaka dola nyingine ya Ulaya ifike kwenye chemchemi za mto huo. Kisha tarehe 24 Machi 1891, mjini Roma, balozi wake Lodi Dufferin alitia saini makubaliano na Italia. Mto Juba ukawa mpaka: mashariki kwa Waitalia, magharibi kwa Waingereza. Hulugho, ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeiwazia, ikaangukia ndani kabisa ya upande wa Waingereza.

Salisbury hakujidanganya kuhusu jambo hili. Katika hotuba ya mwaka 1890 aliwachekesha wasikilizaji wake kwa kukiri kwamba wao wenye kugawana milima, mito na maziwa ya Afrika hawakujua hasa vilikuwa wapi. Ni kejeli ya hali ya juu. Lakini aliyecheka alikuwa ndiye mwenye kalamu.

Hapa lugha yetu ina neno la kusema. Kiswahili husema nchi mbili zinapakana, kwa kauli ya kutendana. Hapakani mtu peke yake. Mpaka, kwa mantiki hiyo, ni jambo la majirani wawili wanaojuana. Mstari wa 1891 ulipakanisha London na Roma. Wasomali waliokuwa wakiuvuka Juba kuelekea magharibi kwa miongo kadhaa kabla yake, na Waorma waliosukumwa kuelekea Tana, hawakuulizwa, wala hawakusimama. Mwishoni mwa 1900 Waogaden walimuua Jenner, afisa mkuu wa Waingereza wa Jubaland, na mwaka uliofuata jeshi likatumwa kuwaadhibu. Salisbury alikuwa bado Waziri Mkuu. Alistaafu Julai 1902, akafariki Hatfield tarehe 22 Agosti 1903.

Mstari wake haukuishi muda mrefu baada yake, ila mbinu yake iliishi. Mwaka 1915 Uingereza, ikitaka Italia iingie vitani upande wake, iliahidi kuifidia kwa ardhi. Ahadi hiyo ilitimizwa kwa mkataba wa 1924, na mwaka 1925 Jubaland pamoja na Kismayu ikakabidhiwa Italia. Mpaka ukaondolewa mtoni, ukahamishiwa magharibi kwenye mstari ulionyooka karibu na longitudo 41 Mashariki, kisha ukapinda kwenda baharini karibu na Ras Kiamboni. Mto angalau mchungaji huuona. Mstari huu mpya hauonekani ila kwa alama zilizosimikwa ardhini, na ndio ulioifanya Hulugho kuwa mahali pa mpakani, ng'ambo moja ikiwa na shangazi na nyingine ikiwa na mpwa.

Mwaka 1962 tume iliyotumwa na Uingereza ilikuta kwamba Wasomali wengi wa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini walitaka kuungana na Somalia. Uhuru wa Kenya ulikuja bila hilo kutimizwa, na kabla ya Desemba 1963 kwisha hali ya hatari ilitangazwa. Vita vilivyoitwa vya mashifta viliendelea hadi 1967. Nayo Jumuiya ya Umoja wa Afrika ilipoazimia Cairo, Julai 1964, kwamba mipaka iliyorithiwa iheshimiwe, Somalia ilikataa kufungwa na azimio hilo. Oktoba 2021, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilipotoa uamuzi kuhusu mpaka wa baharini kati ya Kenya na Somalia, majaji walianza kupima pale mpaka wa nchi kavu uliotokana na mkataba wa 1924 unapoikaribia bahari, mwendo wa kusini mashariki kutoka Hulugho.