Kutoka Mazoea hadi Tukio: Kumbukumbu za Kila Siku katika Insha ya Kiswahili

Makusudio ya makala haya ni kueleza jinsi kumbukumbu za maisha ya kila siku zinavyogeuka kuwa insha fupi ya nafsi, na hasa kazi ifanywayo na kitenzi cha Kiswahili katika mgeuko huo. Suala hili si dogo. Katika madarasa mengi ya Kenya mwanafunzi amezoea kuanza insha kwa jua lililochomoza na ndege walioimba, kisha akarundika methali na tashbihi alizokariri. Matokeo yake ni ukurasa uliopambwa usio na mtu ndani yake. Mama yake, kisima chao na deni la dukani havimo. Mambo hayo yasipoandikwa na wanaoyajua, hayataandikwa kabisa.

Yafaa ieleweke kwanza kwamba kumbukumbu ya kila siku huja kwa sura ya mazoea. Mtu akiulizwa habari za utotoni mwake, kwa kawaida hujibu kwa umbo la *alikuwa aki-*, kama vile desturi zisizo na wakati maalumu zielezwavyo kwa *hu-*. Maumbo hayo hukusanya siku nyingi zikawa kama siku moja. Yana faida ya kueleza hali, lakini hayana tukio.

Tofauti baina ya mazoea na tukio yaonekana mapema katika nathari ya Kiswahili. Carl Velten alichapisha *Safari za Wasuaheli* mwaka 1901 na *Desturi za Wasuaheli* mwaka 1903. Katika *Desturi*, ambayo mchango wake mkubwa ulitoka kwa Mtoro bin Mwinyi Bakari, msomaji huelezwa jinsi watu wa Mrima walivyozaa, walivyooa na walivyozika. Katika *Safari*, Selim bin Abakari asimulia alikofika yeye mwenyewe, hata Urusi na Siberia. Desturi ni habari ya jamii. Safari ni habari ya mtu. Insha ya nafsi yahitaji zote mbili, na ufundi wake umo katika kivuko cha kutoka ya kwanza kuingia ya pili.

Na tuchukue mfano. Mwandishi aanza hivi: "Nyanya alikuwa akikuna nazi kila jioni, nasi tukigombea machicha." Hayo ni mazoea. Kisha aendelea: "Jioni moja alikaa juu ya mbuzi, akashika kizio cha nazi, akakuna mara mbili, akasita. Akainuka, akaniambia nikae mimi." Hapa *-li-* imefungua tukio na *-ka-* imelifuatisha hatua kwa hatua. Msomaji hakuambiwa kwamba nyanya amezeeka. Amelijua hilo kwa mkono uliosita. Lakini tukio hili lisingekuwa na uzito lau lisingetanguliwa na jioni zile nyingi. Mazoea ndiyo yanayolipa tukio maana yake.

Ama kuhusu uteuzi, Shaaban Robert ni kielelezo chema. Katika *Maisha Yangu*, kitabu kilichochapishwa mwaka 1949, hakutaka kusimulia kila siku ya uhai wake. Alichagua vituo: ndoa, kazi ya serikali, safari, msiba wa mke. Mtu wa kawaida aliyeishi kwa mshahara wa karani alionyesha kwamba maisha ya namna hiyo yastahili nathari iliyotungwa kwa uangalifu.

Kutokana na hayo, mambo matatu yafaa kusisitizwa darasani. Kwanza, mwanafunzi atafute siku ambayo mazoea yalivunjika. Pili, kila kitu akiite kwa jina litumikalo kwao. Kizio ni kizio, wala si "tunda lile adhimu la mnazi". Tatu, methali ije ikiwa tukio limeiita, wala isitumike kufunika mahali ambapo kumbukumbu imekosekana. Asichokikumbuka akiache.

Hata hivyo, mashauri hayo hayatafaa kitu ikiwa mwalimu anayesahihisha ataendelea kutuza pambo na kuikata sentensi ya kweli kwa kuwa ni nyepesi. Mwanafunzi hujifunza upesi kile kinacholipa alama. Basi marekebisho ya insha ya Kiswahili yaanzie kwenye kalamu nyekundu.