Meno ya Kijivu Si Uchafu



Siku ya posho iliyopita, tulipomaliza kukusanya likelemba, mwenzetu mmoja alibaki nyuma. Miaka yote tumemwona akicheka huku amefunika mdomo kwa kitambaa, tukadhani ni haya tu. Siku hiyo alikitoa. Meno yake ni ya kijivu kama majivu, na mengine yamekatika karibu na ufizi. Moja lilikuwa linamuuma, na mtu anayeng'oa meno sokoni alikuwa amemwambia arudi kesho yake. Tulimwomba asiende.

Mwenzetu huyo alivunjika mguu mara 3 na mkono mara 2 alipokuwa mtoto. Wengine walisema ni uchawi, wengine wakamshtaki mama yake kwamba anampiga. Kumbe ni ugonjwa wa kuzaliwa nao. Madaktari wanauita osteojenesisi imperfekta, yaani mifupa myepesi kuvunjika. Hupatikana kwa mtoto 1 hivi kati ya 15.000 hadi 20.000 wanaozaliwa.

Shida iko kwenye kolajeni, protini inayoshikilia mfupa kama vyuma ndani ya nguzo ya simenti. Kolajeni hiyo hiyo inajenga sehemu ya ndani ya jino. Ndani pakiwa dhaifu, gamba gumu la juu hukosa pa kushika, likabanduka vipande vipande. Ndiyo maana hata mtu anayepiga mswaki kila siku anaweza kuwa na meno ya kijivu au ya kahawia yanayolika upesi. Lakini si wagonjwa wote. Wengine meno yao ni mazima.

Taya nalo huguswa. Kwa wengi taya la juu halikui vya kutosha, la chini linatokea mbele, na meno hayakutani vizuri. Kutafuna kunakuwa kazi.

Hatari kubwa ni kung'oa jino kwa nguvu, maana mfupa wa taya unaweza kuvunjika. Tena wapo wanaopewa dawa za kuimarisha mifupa, kama pamidronati au zoledronati. Kwa anayetumia dawa hizo, mara chache kidonda cha jino lililong'olewa hukataa kupona na mfupa ukabaki wazi.

Basi tukumbuke haya:

Kabla ya daktari wa meno kugusa kinywa, tumwambie habari ya mifupa na dawa zote, hata zile za zamani. Ikiwezekana meno yatengenezwe kabla ya kuanza dawa hizo.

Picha ya taya ipigwe kwanza, na taya lishikiliwe vizuri wakati wa kung'oa.

Tupige mswaki laini mara 2 kwa siku, kwa dawa ya meno yenye floridi. Tusifungue chupa kwa meno, wala kuvunja mifupa ya nyama.

Kidonda kikipita wiki 8 bila kupona, au mfupa ukionekana, turudi kwa daktari bila kungoja.

Mwenzetu tulimsindikiza hospitalini. Picha ilipigwa, jino likang'olewa polepole, muuguzi akishika taya kwa mikono miwili. Alirudi salama.

Lakini ana binti wa miaka 6, naye meno yake ya maziwa ni ya kijivu. Mzazi mwenye ugonjwa huu kwa kawaida anaweza kumpa kila mtoto, nusu kwa nusu. Sisi walimu tumesikia darasani wenzake wakimwita mchafu, na maneno hayo watoto huyaokota nyumbani. Wamama, tuanze sisi kuyaacha. Na tukimwona mtoto anayevunjika mara kwa mara, tusimhukumu mama yake. Tumsindikize kwa daktari.