Orodha Isiyo na Kikomo: Mitego ya Ukokotoaji Mvivu katika Uzalishaji wa Virai

Mwanafunzi wa sintaksia anafahamu kwamba kanuni chache huweza kuzalisha virai visivyo na idadi. Tuchukue kirai "mkazi wa Kibokoni", mtaa ulio katika Mji wa Kale wa Mombasa. Kwa kutumia a-unganifu twapata "jirani wa mkazi wa Kibokoni", kisha "jirani wa jirani wa mkazi wa Kibokoni", na kuendelea bila ukomo. Je, kompyuta yaweza kubeba orodha ya namna hii?

Katika Haskell, lugha ya programu iliyotolewa mwaka 1990 na kupewa jina la mwanamantiki Mmarekani Haskell Curry, yaweza. Lugha hii huahirisha ukokotoaji: kirai hakiundwi mpaka kihitajike. Ukiomba virai vitatu vya mwanzo, huundwa vitatu tu. Hata hivyo, uvivu huu una mitego.

Kwanza ni kuchuja. Tuseme twataka virai visivyozidi maneno saba. Vipo vitatu, vyenye maneno 3, 5 na 7. Amri ya kuchuja itavitoa vyote, kisha itaendelea kupima chenye maneno 9, 11, 13 na kadhalika, kwani haijui kwamba urefu huongezeka tu. Amri ifaayo ni ile inayokoma mara sharti livunjikapo.

Pili ni kuunganisha. Orodha ya Kibokoni ikifuatwa na ya Kuze, zamu ya Kuze haifiki kamwe. Dawa ni kuzisuka: kirai cha huku, kisha cha kule.

Tatu ni kutafuta. Kirai kilichomo kitapatikana; kisichokuwamo kitatafutwa milele. Hapa ndipo penye hatari kwa mwanaisimu anayeunda programu ya kukagua sarufi: ukimya wa kompyuta si hukumu kwamba kirai ni batili. Ni heri kukivua kirai chenyewe "jirani wa" moja moja kutoka mwanzoni. Kila hatua hukifupisha, hivyo jibu, liwe ndiyo au la, halina budi kupatikana.

Wahenga walisema subira huvuta heri. Kabla ya kusubiri, basi, mwanaisimu na athibitishe kwamba swali lake lina mwisho, hata kama orodha yake haina.