Mzazi Aendaye Ng'ambo: Kifua Kwanza, Tiketi Baadaye

Mtaani Kiganjo, mjini Thika, si ajabu kumsikia mzee aliyestaafu kiwandani akisema anangojea makaratasi ili akaishi na mwanawe Marekani. Huenda wewe msomaji ndiwe mzazi huyo, au ndiwe mtoto unayeyashughulikia makaratasi hayo. Mtauliza sana kuhusu ada na mahojiano ya ubalozi. Lakini je, mmeuliza kuhusu kifua cha mzee?

Elewa kwanza kwamba Marekani haina viza ya wastaafu kama ile ya Thailand, inayotolewa kwa waliotimiza miaka 50. Uingereza ilikuwa nayo ikaifunga mwaka wa 2008. Mlango uliobaki ni mtoto. Raia wa Marekani aliyefikisha miaka 21 anaweza kumwombea mzazi ukaazi wa kudumu. Kwa Waingereza mlango ni mwembamba mno. Tangu 2012, mzazi sharti athibitishe kuwa hawezi kuoga, kuvaa wala kupika bila kusaidiwa, na kwamba msaada huo hapati kwao. Mzee anayejifungia kamba za viatu asijisumbue.

Anayeomba viza ya kuhamia Marekani hupimwa na madaktari walioteuliwa na ubalozi. Jijini Nairobi kazi hiyo hufanywa na Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM. Kila mtu mzima hupigwa picha ya kifua kutafuta kifua kikuu. Picha ikitia shaka, mzee hutoa makohozi siku tatu mfululizo za kazi, kisha makohozi hayo huoteshwa katika maabara, jambo linaloweza kuchukua wiki nane. Ugonjwa ukipatikana, hasafiri mpaka amalize matibabu, yaani miezi sita au zaidi. Tiketi iliyokwisha kulipiwa hapo itakuwa hasara tupu.

Wapo waliougua kifua kikuu zamani wakapona kabisa, lakini kovu likabaki kwenye pafu. Kovu hilo huonekana kwenye picha, na daktari asiyekujua hawezi kubahatisha kama ni la jana au la miaka 20 iliyopita. Kwa hivyo itafute kadi ya kliniki uliyotumia wakati huo pamoja na picha za zamani, hata kama zimelala chini ya godoro. Ikiwa unakohoa zaidi ya wiki mbili, unatokwa jasho usiku au unakonda, nenda Hospitali ya Thika Level 5 sasa. Matibabu ya kifua kikuu katika hospitali za serikali ni ya bure, na ni heri kuyaanza kabla ya kuitwa na ubalozi.

Hata hivyo, usikimbilie vipimo vya viza kabla ya kuelekezwa. Matokeo yake kwa kawaida hutumika kwa muda usiozidi miezi sita, na baada ya hapo utalipa upya.

Sasa kuna wazazi ambao, wakingojea, husafiri kwa viza ya matembezi. Safari ya namna hiyo ina mtego. Mzee akifika kule na familia ikaamua kuombea ukaazi hukohuko, akitoka nchini kabla ya kupewa ruhusa ya kusafiri, ombi huhesabiwa limeachwa. Barua ya ruhusa huweza kuchukua miezi. Mzee aliyekwenda kwa wiki sita na dawa za wiki sita anajikuta hawezi kurudi hata kwa mazishi, na vidonge vya shinikizo la damu vimekwisha.

Hapo ndipo gharama huuma. Mgeni hana bima ya serikali ya Marekani. Hata aliyepata ukaazi akiwa na miaka 65 au zaidi, kwa kawaida hungoja miaka mitano mfululizo ndipo aruhusiwe kununua ile iitwayo Medicare. Nunueni bima ya safari, na msome vizuri sehemu ihusuyo maradhi aliyokuwa nayo mtu tangu awali. Bima nyingi huyaruka maradhi hayo, na mzee mwenye kisukari akilazwa, bili ni ya mtoto.

Omba daktari wako akuandikie barua yenye majina halisi ya dawa, si ya kampuni, pamoja na vipimo vyake. Dawa zikae kwenye pakiti zake, ndani ya mkoba wa mkononi. Insulini isiwekwe kwenye sanduku, maana baridi ya tumbo la ndege huweza kuiharibu. Ukipitia Dubai, jihadhari na dawa za maumivu zenye kodeini au tramadol, kwani kule zinadhibitiwa na sheria na zinahitaji kibali.

Ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York, iliyoanza Oktoba 2018, huchukua karibu saa 15. Simama utembee kila baada ya muda, unywe maji, ukunje na kukunjua vifundo vya miguu ili damu isigande. New York iko nyuma yetu kwa saa saba au nane. Muulize daktari, kabla hujaondoka Thika, sindano ya jioni utaidunga saa ngapi.