Tendo likiuma, mama aseme na nani?

Kliniki ya mama na mtoto ina maswali mengi. Mimba ya ngapi hii, hedhi ya mwisho uliiona lini, umeshapima virusi, unatumia kijiti, sindano au kitanzi? Yote yanaandikwa kwenye kadi. Ila ni nadra mwanamke kuulizwa kama tendo la ndoa linamuuma, au kama bado analitamani. Yeye naye hawezi kuyaanzisha mazungumzo hayo, maana foleni ni ndefu, mlango uko wazi, na muuguzi aliye mbele yake huenda ana umri wa mwanawe. Anarudi nyumbani na maumivu yake. Baada ya miezi kadhaa mume anaanza kulalamika kwamba ananyimwa unyumba, na ukoo unamtafuta mchawi.

Tumezoea kuyaita haya matatizo ya chumbani. Mimi naona mengi kati ya hayo yameanzia mbali na chumba.

Tuanze na umri. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, huku mvulana akisubiri hadi 18. Mwanaharakati Rebeca Gyumi alikwenda mahakamani kuipinga. Mahakama Kuu ikampa haki mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikasimamia uamuzi huo mwaka 2019. Takwimu nazo zinaleta matumaini kidogo: utafiti wa afya wa kitaifa wa 2015-16 ulikuta asilimia 27 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wameshazaa au wana mimba, na ule wa 2022 ukakuta asilimia 22. Bado ni zaidi ya mmoja kati ya watano. Msichana wa umri huo, mbele ya mume mtu mzima aliyemtolea mahari, atapata wapi ujasiri wa kusema leo sitaki? Hata sheria haimpi kinga, kwa kuwa kifungu cha ubakaji kilichotungwa mwaka 1998 kinamgusa mume pale tu anapokuwa ametengana na mkewe. Mwili uliojifunza tendo kwa hofu haugeuki kulipenda kwa sababu miaka imepita.

Halafu yapo mafunzo. Pwani yetu haikuwahi kuwa na aibu ya kumfunda mwali. Unyago ulikuwa chuo kamili, chenye ngoma na kungwi wake, na Bi Kidude wa Unguja, aliyefariki mwaka 2013, aliifanya kazi ya ukungwi kwa miongo mingi bila kumuomba mtu radhi. Mle ndani mwanamke alisikia mwili wake ukitajwa kwa majina yake, na raha ikizungumzwa kama jambo lenye hadhi. Urithi huo nauheshimu. Lakini sehemu kubwa ya mafunzo, hasa haya ya kicheni pati yanayomalizwa usiku mmoja kati ya muziki na zawadi, humwelekeza bibi harusi kwa mume tu: apendezwe vipi, asimamiwe vipi asije akatoka nje. Ni somo gani anamwambia mwali wake kwamba tendo halitakiwi kuuma, na kwamba likiuma aseme?

Pengo hilo limejazwa na biashara. Shabu inauzwa, na unga wa mitishamba, na vipande vya sabuni zenye manukato, vyote kwa ahadi ya kubana na kukausha. Uke wenye afya una unyevu na hujisafisha wenyewe. Shabu inaukausha, ngozi laini inachubuka, na kila mchubuko unarahisishia virusi vya UKIMWI kupenya. Mwanamke anajiumiza kwa fedha yake ili amfurahishe mtu ambaye pengine hakumuomba afanye hivyo.

Nyumba pia ina neno lake. Sensa ya 2022 ilipata wastani wa watu 4.3 kwa kaya moja nchini. Kwa wapangaji wengi wa uswahilini kaya hiyo yote ni chumba kimoja: kitanda, pazia, watoto wamelala mkekani, na juu hakuna dari ya kuzuia sauti isifike kwa jirani. Tendo linafanywa kwa kunyata na kwa haraka. Mwili wa mwanamke unahitaji muda ili ulainike, na ukiharakishwa unauma. Sijawahi kusikia kodi ya chumba cha pili ikijadiliwa kama suala la afya ya uzazi. Ingefaa ijadiliwe.

Kipindi ninachokiona kigumu kuliko vyote ni baada ya kujifungua. Arobaini ikiisha, mume anahesabu kuwa mambo yamerudi. Mwanamke anahesabu mengine: kovu la kuongezewa njia bado linavuta, halali usiku, na homoni za kunyonyesha zimemwacha mkavu na bila hamu. Juu ya hayo inakuja hofu ya kubemenda, imani kwamba mama anayenyonyesha akifanya tendo, mtoto hudhoofika. Mtoto akikonda, macho yote yanamgeukia mama kuuliza alilala na nani. Ukweli ni kwamba manii hayaingii kwenye maziwa. Mtoto hudhoofika kwa lishe duni, kwa maradhi, au kwa kuachishwa ziwa mapema baada ya mimba nyingine kuingia. Imani hiyo ilimpa mama mapumziko, sikatai. Ila siku hizi inamfikisha kwenye hukumu, na inampa mume kisingizio cha kutafuta nyumba ndogo. Mapumziko hayo angeyapata kwa kuelewana na mume, na kwa uzazi wa mpango uliojadiliwa na wote wawili.

Waliokeketwa wana mzigo wao wa ziada. Utafiti wa 2022 uliwakuta ni asilimia 8 ya wanawake wa Tanzania wa miaka 15 hadi 49, wengi wakiwa Arusha, Manyara na Mara. Kovu lao linahitaji daktari, na kulaumiwa kwa ubaridi hakuwasaidii hata kidogo.

Kisha hedhi inakoma, kwa wengi kati ya miaka 45 na 55. Hapo jamii inamwita bibi na kumhamishia kitanda cha wajukuu, kana kwamba ndoa yake imestaafu. Joto la ghafla, usingizi kukatika na ukavu ukeni vina tiba: vilainishi vya maji, dawa za homoni anapozihitaji, na wakati mwingine kubadilishiwa dawa ya presha iliyomwondolea hamu.

Wauguzi, naomba muulize. Sekunde chache zinatosha: je, mama, tendo linakuuma? Makungwi, alikeni mkunga kwenye ngoma zenu. Kina baba, mke akisema anaumia, mpelekeni kituo cha afya kabla ya kwenda kushtaki kwa wakwe. Nawe dada, ukiona damu baada ya tendo, au maumivu yasiyokwisha, usingoje: omba upimwe saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kati ya saratani za wanawake nchini. Binti yako akiwa na miaka 9 hadi 14, mpeleke akachanjwe dhidi ya saratani hiyo.